Anwani Iliyogawanywa kwa Mkasi

Watu hugawana viwanja, hugawana mifugo, hugawana hata sufuria zilizotoboka, lakini ndugu hawa wawili waligawiwa neno. Walilirithi likiwa zima, likakatwa katikati kwa mkasi wa vitambaa, na kila mmoja akatiwa nusu yake mkononi mbele ya ukoo mzima.

Neno lenyewe lilianzia kwa baba yao. Mzee alitengeneza cherehani miaka arobaini katika chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la magodoro, na haikuwahi kuletwa mashine iliyomshinda, iwe ya mkono, ya miguu au ya umeme. Siku moja mwanafunzi wa chuo alileta cherehani ya mama yake, akaambiwa akae asubiri, na kwa kukaa huko midomo ikaanza kumwasha. Akamweleza Mzee kwamba anwani nyingi za mtandao huishia na herufi mbili za nchi, kila nchi na zake, na kwamba iko nchi moja mbali huko, Nikaragua, ambayo herufi zake ni n na i. Akachukua kipande cha karatasi akaandika: chereha.ni.

Mzee aliweka bisibisi chini. Neno la kazi yake lilikuwa limekaa pale kamili, halina "duka la" mbele wala kikorokoro chochote nyuma, ila nukta moja tu. Aliitazama ile karatasi mpaka mwanafunzi akaona haya.

Kuanzia hapo homa ikampanda. Alimwandikia muuza asali wa mtaa wa pili anwani ya asa.li, na ikabidi avae miwani kuitafuta nchi ya herufi hizo kwenye ramani, maana ilikuwa ndogo kama punje. Fundi baiskeli alipewa baiske.li akashukuru bila kuelewa. Muuza magodoro wa chini aliletewa godo.ro imeandikwa vizuri kwa wino mwekundu, akaitazama, akamrudishia. "Mzee," alisema, "duka langu lina mlango. Anayetaka godoro anaingia mlangoni." Mzee hakumsemesha siku mbili. Nikaragua nayo ikawa kama kwao. Habari za redioni zikiitaja, hata kwa mvua tu, alinyoosha kidole watu wanyamaze.

Aliyeisajili ile anwani alikuwa binti yake. Binti huyo ndiye aliyejifunza kazi pale chumbani tangu akiwa na miaka kumi na minne, na siku hizi wateja humwita Fundi kama walivyomwita baba yake, nasi tumwite hivyohivyo. Alikaa mbele ya kompyuta, Mzee akasimama nyuma yake akimtajia neno la siri la kufungulia: namba ya muundo wa cherehani ya kwanza aliyowahi kuifungua ujanani, na herufi chache alizozijua mwenyewe. Jumla zilikuwa kumi na nne. Fundi aliziandika kwenye kompyuta, kisha akaziandika kwenye karatasi, kwa sababu Mzee hakuamini kitu ambacho hakiwezi kutiwa kwenye droo.

Wakaijaza anwani ile michoro. Mzee alichora kwa penseli njia ya uzi ya kila mashine aliyoijua, kutoka kwenye kigurudumu cha juu mpaka kwenye tundu la sindano, na Fundi akaipiga picha na kuipandisha. Washonaji wa mbali, watu ambao Mzee hakuwahi kuwatia machoni, wakaanza kuandika. Mmoja alisema mashine ya marehemu bibi yake ilikuwa imekaa kimya miaka tisa, na sasa inashona. Mzee aliomba asomewe ujumbe ule mara tatu, akajifanya hakusikia vizuri.

Alipofariki, aliyesimamia mirathi alikuwa kaka yake, baba mkubwa wa Fundi, mpima viwanja mstaafu. Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa tu ameishi na futi ya kupimia mkononi kwa muda mrefu mno, na kila alichokiona alikiona na mpaka katikati. Vifaa vya cherehani alimpa Fundi. Vifaa vya useremala, ambavyo Mzee alitengenezea meza za cherehani, alimpa mdogo wake Fundi, kijana ambaye tangu utotoni aliitwa Randa kwa kupenda kupiga mbao randa mpaka zing'ae. Hapo hakuna aliyenung'unika. Ndipo ikatoka ile karatasi kwenye droo.

"Hii nayo ni nini?" Baba mkubwa aliuliza.

"Ni paswadi ya ile anwani, baba mkubwa," Fundi alisema. "Ya kuingilia."

"Kwa hiyo ni hati."

"Siyo hati hasa, ni..."

"Ngoja. Ukiwa nayo unaingia?"

"Ndiyo."

"Usipokuwa nayo huingii?"

"Huingii."

"Hiyo ni hati," alisema baba mkubwa, akaomba rula.

Alipima, akatia alama ya penseli, akahesabu herufi saba huku na saba kule, akachukua mkasi mezani na kukata. Nusu ya mbele akampa Fundi, nusu ya nyuma akampa Randa, akawaambia kwamba sasa hakuna wa kumzunguka mwenzake. Jamaa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Fundi alipokea kipande chake kwa mikono miwili kama inavyopasa, na hakusema kwamba herufi zote kumi na nne anazijua kama jina lake.

Angesemaje? Mtu mzima humkatizi mbele za watu, tena kwenye msiba. Alijiambia atamweleza mdogo wake baadaye, wacheke. Kisha mwaka ukazunguka, likaja tangazo kwamba anwani ilipiwe upya, na Jumamosi Randa akapanda ngazi amevaa shati lililopigwa pasi. Kipande chake alikuwa amekitia kwenye mfuko mdogo wa nailoni, safi, kama cheti cha kuzaliwa. Fundi akaandika saba zake, akainuka kwenye kiti na kugeukia dirisha, na Randa akaandika saba zake kwa kidole kimoja huku akizitamka kimyakimya. Mtu gani angeweza kumwambia mtu huyo kwamba karatasi yake haina kazi?

Tena siku hiyo hakuondoka. Alikaza bawaba ya kabati, wakanywa chai, wakamsema baba mkubwa, na mpaka jua linazama alikuwa bado amekaa juu ya kreti akisimulia. Ikawa ndiyo desturi. Miezi mingine walionana kwa kazi tu, leta meza, chukua meza, lakini Jumamosi ile ya mwaka ilikuwa yao, na Fundi alianza kuingoja mwezi mzima kabla. Akanyamaza mwaka wa pili, wa tatu na wa nne.

Mwaka wa tano waliharibu.

Ilikuwa hivi. Randa alileta meza mpya ya mteja, mama mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye macho ya kuona kasoro. Cherehani ikawekwa juu, ikatiwa umeme, meza ikatetemeka. Fundi alikunja kipande cha boksi mara nne, akakisukuma chini ya mguu mmoja, akamwambia mteja, huku akicheka, "Meza za siku hizi zinataka kiatu. Za Mzee zilikuwa zinatembea peku." Mteja akacheka. Randa alikuwa amesimama mlangoni na kamba za kufungia mzigo mkononi. Alizikunja zile kamba taratibu, akashuka ngazi, na asionekane tena wiki sita.

Fundi alijua amekosea kabla hatua za mdogo wake hazijaisha ngazini. Kujua ni jambo moja na kufungua mdomo ni jingine. Alimpigia simu mara moja, haikupokelewa, akajipa haki ya kununa na yeye. Tangazo la mwaka lilipokuja alimtumia ujumbe: Tangazo limekuja. Randa akajibu: Sawa. Ile "sawa" Fundi aliigeuza kila upande. Asubuhi aliisoma kama nakuja, mchana kama nimesikia, jioni kama niondolee balaa. Jumamosi akanunua mkate na kupanga vikombe viwili, akajilaumu kwa kuvipanga mapema, akavirudisha, akavipanga tena. Randa hakuja. Wala Jumamosi iliyofuata.

Likaja tangazo la pili, nalo halikuwa na tabasamu. Anwani isipolipiwa kufikia Jumanne saa kumi na moja jioni ingeachiwa, na yeyote duniani angeweza kuichukua.

Jumanne hiyo Fundi alifungua kazi kama kawaida. Alitoa meno ya cherehani moja nzee, akasugua kutu, akatia mafuta, akayarudisha yakiwa yamepinda, akayatoa tena. Saa nane mchana ukaingia ujumbe kutoka kwa mshonaji wa mji asioujua, akiomba mchoro wa mashine fulani ya miguu, maana ameutafuta hajauona na ana gauni la bibi harusi mezani. Fundi akamwelekeza ulipo. Kisha akakaa akitazama saa ya ukutani.

Angeweza kuimaliza shughuli ile wakati wowote kwa vidole vyake kumi. Ndiyo ilikuwa tabu yake yote. Akiiandika peke yake, michoro ya baba inabaki, washonaji wa watu wanabaki, lakini Randa atajua kwamba kipande chake kilikuwa karatasi tupu tangu siku kilipokatwa, na kwamba dada yake alimtazama miaka minne akikibeba kwenye nailoni. Asipoandika, neno la baba linakwenda na maji kwa sababu ya kipande cha boksi. Mara tatu alishika simu ampigie, mara tatu akaiweka chini. Aliogopa kwamba isipopokelewa tena, atakuwa hana hata tumaini la kukaa nalo.

Saa kumi na nusu alisikia hatua ngazini, akainuka kitini. Alikuwa muuza magodoro, anaomba bisibisi. Saa kumi na dakika arobaini akasogeza kiti mbele ya kompyuta. Zilipobaki dakika tisa akapiga moyo konde, akaandika herufi kumi na nne mfululizo, akabonyeza, akalipia. Hazikupita sekunde arobaini. Maandishi ya kijani yakasema anwani imehuishwa kwa mwaka mmoja.

Simu yake ikalia kengele ndogo, ujumbe wa kuthibitisha. Hapo ndipo alipokumbuka. Mwaka ule wa kwanza, kwa amri ya baba mkubwa, waliweka namba mbili za simu, yake na ya Randa, kila kitakachofanyika kiwafikie wote wawili kwa pamoja.

Akafunga mlango bila hata kuzima taa.

Karakana ya Randa iko mtaa wa nyuma, mwendo wa dakika sita. Fundi aliukuta mlango uko wazi. Randa alikuwa amekaa kwenye benchi la kazi, katikati ya maranda, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mikono ya shati ilikuwa na mistari miwili ya pasi iliyonyooka kabisa. Kwenye goti lake la kushoto kulikuwa na simu, na kwenye la kulia ule mfuko wa nailoni.

"Ulikuwa nayo," alisema.

"Nilikuwa nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu Mzee ananitajia. Mimi ndiye niliyeiandika ile karatasi."

Randa alitazama lile shati lake kama la mtu mwingine. "Nilikuwa nakuja."

"Zilibaki dakika tisa, Randa."

"Ni dakika sita kutembea. Nilizihesabu. Nilitaka nifike zimebaki tatu. Nilitaka utokwe jasho kidogo."

"Nilitokwa."

"Basi." Nje mtu alipita na mkokoteni wa mabati, wakamsubiri apite. "Miaka minne napanda ngazi zile na hiki kijikaratasi. Unaniangalia naandika kwa kidole. Ulikuwa unacheka?"

"Sikucheka hata siku moja."

"Sasa ulikuwa unafanya nini, dada?"

Fundi alikuwa amejiandalia maneno njiani, mazuri, yenye baba mkubwa ndani yake na heshima ya msiba. Yote yakampotea. "Nilikuwa nageukia dirisha ili usinione nilivyofurahi," alisema. "Ningekwambia naijua, ungesema basi lipia mwenyewe. Usingekuja. Mzee hayupo, wewe una karakana yako, mimi nina mashine za watu. Nikaona bora uamini nakuhitaji."

"Nikaamini."

"Najua."

"Na lile boksi?"

"Meza yako haikuwa na kosa. Sakafu yangu ndiyo imebonyea pale, na wewe unajua imebonyea. Nilimwonea aibu yule mama, nikakusukumia wewe. Nimekukosea, mdogo wangu. Na Mzee nilimwingiza asikostahili."

Randa hakusema amesamehe. Aliondoa kipande cha maranda kwenye suruali, akakinyoosha kwa vidole, kikakatika. Alikuwa amekasirika, na Fundi hakujaribu kumtuliza, maana hasira ile ilikuwa haki yake kabisa. Alitafuta pa kukaa, akapata ndoo ya gundi, akaigeuza akaikalia.

Kisha Fundi akatoa simu yake. "Tuibadilishe," alisema.

"Tubadilishe nini?"

"Paswadi. Tuweke mpya. Mimi niandike nusu, nikupe simu, wewe uandike yako. Sitaiona."

"Utakuja kuigundua."

"Nitaigunduaje? Weka unachotaka."

"Halafu mwaka ujao tukigombana?"

"Itakwenda."

"Anwani ya Mzee itakwenda? Michoro na yote?"

"Itakwenda," Fundi alisema, naye alikuwa amemaanisha.

Randa alimtazama sana. Kisha akanyoosha mkono, akasema, "Anza wewe."

Fundi akaandika nusu yake, akampa simu, akageuka kuelekea kwenye rafu ya mbao. Alimsikia mdogo wake akigonga kioo kwa kidole kimoja, taratibu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na habari kinachoandikwa nyuma yake. Simu ikarudi. Inataka iandikwe tena kuthibitisha, Randa alisema, kwa hiyo wakarudia, Fundi kwanza, kisha mdogo wake. Simu ikajibu kwamba maneno hayo mawili hayafanani.

"Umekosea," Randa alisema.

"Mimi? Mimi nimeandika kilekile."

"Basi mimi ndiye nimekosea?"

"Sijasema. Nimesema mimi sijakosea."

"Ndiyo hivyohivyo, dada."

Wakarudia. Hayafanani. Randa akakumbuka kwamba mara ya kwanza alianza na herufi kubwa, au labda mara ya pili, akaomba asiulizwe. Fundi akamwambia achague kitu kifupi, na Randa akasema nusu yake haimhusu. Walikuwa wameanza kupandishiana sauti kama watoto wanaogombea stuli, na mara hii hakuna aliyeondoka. Raundi ya tatu simu ikatulia, ikafikiri, ikakubali.

Randa alichukua ule mfuko wa nailoni, akakitoa kipande cha zamani, akakisoma mara moja tu, herufi zote saba, kisha akakirudisha ndani na kuutia mfukoni. Hakukitupa. "Yangu siiandiki popote," alisema. "Baba mkubwa asije akaipata akaipimia."

Fundi alicheka, akajifuta macho kwa kiganja, akainuka kwenye ndoo. Kazi ilikuwa inamngoja mezani na taa aliiacha inawaka. Njiani alijaribu kuotea zile herufi za mdogo wake, jina la mbao, tarehe, namba ya nyumba, lakini kila alichokifikiria alikuwa na hakika kwamba siyo. Mlango wa neno la baba ulikuwa umefungwa, naye alikuwa nje yake na nusu ya ufunguo. Randa naye alikuwa hivyohivyo mtaa wa nyuma, katika shati lake jeupe. Fundi aliogopa, na hakutaka kurudi kuibadilisha ile paswadi.